Barua Iliyopigiwa Vigelegele

Manzese Midizini,
Dar es Salaam.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Kaka yangu Lusungu,

Shikamoo kaka. Naileta kwa karatasi kwa sababu ile ya kwenye simu umeikataa wiki ya tatu sasa. Habari za Ludewa na baridi yake? Goti lako linasemaje? Wifi Demetria kifua kimemwachia? Mahindi mmeshayaingiza ndani? Huku sote tu wazima. Edgar yupo na kazi zake za umeme, mie nipo na cherehani yangu, joto limepungua kidogo, na mabasi ya mwendokasi yanapita hapo Morogoro Road yamejaa vilevile. Afya ninayo. Kinachoninyima raha ni kimya chako.

Najua umekasirika, Edgar amenieleza yote. Ulimwambia kwamba nimepeleka posa Temeke nyuma ya mgongo wako, wakati marehemu mume wangu Wilbert hakuacha ndugu wa kiume na wewe ndiye mzee wa mtoto huyu. Umepigiwa simu na watu usiowajua, wanakupongeza na kukuuliza washenga watafika lini, nawe una wageni sebuleni, ukabaki unajiumauma. Ukasema kama naweza kumwozesha mtoto bila wewe, basi hata siku ya kuzikana nisikuite. Maneno hayo yameniuma, kaka. Naomba usome mpaka mwisho ndipo uamue kama utaendelea kuninunia. Na kama umeushangaa huu mwandiko, shangaa tu, nitaufikia.

Tangu mwaka juzi nina starehe yangu. Wenzangu wana kwaya na tamthilia za jioni, mie nawaandikia barua watu nisiowajua vizuri. Usicheke. Mtu nimekutana naye mara moja, amenitendea jambo dogo akaenda zake, mie narudi nyumbani nachukua kalamu. Wa kwanza alikuwa Nassibu, mlinzi wa kiwanda kimoja Mikocheni. Nilikuwa napeleka sare za wafanyakazi, mvua ikanikuta getini, akanipisha kwenye kibanda chake, yeye akasimama nje na mwavuli uliotoboka. Nikamwandikia mistari mitano ya kumshukuru. S.L.P. niliinakili kwenye bango la kiwanda, nikaenda posta. Binti wa dirishani akaniuliza kama natuma mzigo. Nikamwambia hapana, ni barua, akaigeuzageuza kama noti anayoitilia shaka.

Nilipopeleka sare tena, Nassibu alisimama akanipigia saluti. Akasema ana miaka kumi na minne pale getini, barua zote za kiwanda zinapitia mkononi mwake, na haijawahi kuja hata moja yenye jina lake. Siku hiyo nilitoka Mikocheni kichwa juu, mtu angeniona angedhani nimeteuliwa ukuu wa wilaya. Baada yake nikamwandikia Najma wa duka la dawa Tandale, aliyenirudia maelezo ya vidonge mara tatu bila kukunja uso. Huyo akanijibu kurasa mbili! Mpaka leo nimeshaandika barua arobaini na moja. Najivunia, kaka, sifichi.

Sasa sikiliza ya Temeke. Mwezi wa tatu nilikwenda kliniki ya macho, nikakaa benchi moja na mama mmoja mjane anaitwa Genoveva. Foleni ilikuwa ndefu, tukaongea kutwa. Alinieleza mambo yake mawili yanayomsumbua. La kwanza, soketi za nyumbani kwake zinapiga shoti, kila fundi anayekuja anaharibu zaidi. La pili, binti yake Clara, mwalimu wa chekechea, amefika miaka ishirini na tisa na hakuna aliyebisha hodi. Tulipoachana akanipa S.L.P. ya shule anayofundisha Clara, akasema wao hawana sanduku lao. Nyumbani kwao hasa ni wapi, nikasahau kumuuliza.

Nilimwonea huruma kwa zile soketi. Nikamwandikia kwamba nina mtoto wa kiume, Edgar, fundi mpole, hanywi, hana makuu, na yuko tayari. Nikaandika namba yake ya simu. Nikamalizia kwamba naomba wanitajie mahali, ili mwanangu aje mapema alimalize lile tatizo lake tulilozungumza. Ndivyo nilivyokusudia. Kumbe mkono wangu ulikuwa umeandika naomba wanitajie mahari.

Nakuona unavyoshika kichwa. Wewe ni mwalimu, unajua herufi moja inavyoweza kufanya kazi. Na siku hizi nani anapokea barua ya mkono mjini hapa? Ikifika bahasha yenye mwandiko wa mtu mzima, ama ni wito wa serikali ya mtaa, ama ni posa. Hii ina kijana asiyekunywa, inaulizia mahari, na imeandikwa na mama yake. Clara aliifungua ofisini kwa walimu kwa sababu macho ya mama yake bado hayaoni maandishi, anasomewa kila kitu. Mwenzake akachungulia begani, akaona neno lile, akapiga kigelegele. Shule nzima ikapokea, mpaka watoto wa chekechea, ambao hata hawakujua wanashangilia nini.

Baba mdogo wa Clara, Mzee Godlisten, akapanda basi kutoka Moshi. Akampigia Edgar, akamuuliza mzee wake ni nani. Edgar akadhani ni tajiri mwenye nyumba anataka mdhamini kabla ya kumpa kazi ya nyaya, akakutaja wewe na kukusifia sana. Hivyo ndivyo namba yako ilivyofika kwao. Kwa hiyo kaka, hakuna aliyekuruka. Tulirukwa wote.

Ulipomgombeza Edgar ndipo mambo yakafunguka. Nilikaa kitandani. Nilimuwaza yule binti aliyeshangiliwa mbele ya wenzake kwa posa ambayo haipo. Edgar akasema turudishe neno kwamba barua aliandika yeye kwa haraka, alaumiwe yeye. Ni kijana mwema, nilimlea mwenyewe. Lakini kumwachia mwanangu aubebe mwandiko wangu niliona ni kuukana, na mie nimeutafuta kwa shida. Nikamwambia amuulize Mzee Godlisten njia kwa simu, tunakwenda Temeke na nitasema mwenyewe.

Tulikuta wamefagia uwanja, wameazima viti, na Mzee Godlisten amevaa koti. Pilau lilikuwa linanukia mpaka barabarani. Niliwaamkia, nikaomba niletewe barua yangu. Genoveva akaitoa katikati ya Biblia. Nikasema nitaisoma kwa sauti, na naomba nisikatizwe kwa sababu nikikatizwa napotea. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza nikaanza. Nilisoma polepole, silabi kwa silabi, watu wazima kumi na moja wananitazama mdomoni. Nilipofika pale, nikasimama. Nikasema hapa nilitaka kuandika mahali, nilikuwa nauliza nyumba ilipo, mwanangu aje kutengeneza soketi.

Mzee Godlisten akainuka. Akasema wao si watoto wadogo, mtu gani anayejua kuandika barua nzuri namna ile akashindwa kutofautisha mahali na mahari. Aliyeandika ni nani hasa, akauliza, na anawachezea kwa sababu gani.

Na hapa, kaka, ndipo nililazimika kusema mbele ya wageni jambo ambalo wewe, uliyenyonya nami ziwa moja, sijawahi kukuambia. Nikamjibu kwamba aliyeandika ni mimi, nina miaka sitini na moja, na kusoma na kuandika nimejifunza mwaka juzi.

Zile barua zangu ulizozisifu miaka yote, ukasema dada yako ana mwandiko wa karani, zilikuwa mkono wa Wilbert. Mie nilikuwa nakaa pembeni yake nataja maneno. Alipofariki barua zikakatika, ukadhani nimekususa, nami nikaona afadhali uwaze hivyo. Unakumbuka baba alipokupeleka shule ya bweni, mie nikabaki na wadogo. Kila likizo ulipotaka kunifundisha nilikuwa nakuambia nimeshajua, nikakimbilia kuni. Kanisani nilishika kitabu cha nyimbo na kuimba kwa kichwa. Hospitali nilisema miwani nimeisahau. Wateja wa cherehani niliwapimia kwa uzi, nafunga fundo kwenye bega, kiuno na urefu, halafu naning'iniza uzi huo ukutani pamoja na kipande cha kitambaa cha mwenyewe nisije nikawachanganya. Watu walidhani ni ufundi wa kizamani. Hata Edgar hakujua, alisikia siku hiyo hiyo, amekaa kiti cha kuazima.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Mwanaasha wa Tandale, mstaafu, ana darasa la kina mama wanne kibarazani kwake kila Jumamosi. Alipoona herufi zimekaa akasema sasa tuandikie watu wa kweli. Wenzangu waliandikia ndugu zao. Mie nikachagua watu nisiowajua, kwa sababu hawakujua jana nilikuwa nani. Nassibu alipopokea ile barua hakuona mwanamke aliyejifunza uzeeni, aliona barua tu. Nikapenda kuonekana hivyo. Na hiyo r, Mwanaasha alikuwa anatucheka sisi wa bara tunavyoandika habali, basi nikaiogopa l kiasi kwamba naweka r hata isipoitwa.

Pale uwanjani Mzee Godlisten alirudi kwenye kiti chake. Halafu Clara akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Mama yake alikuwa analia. Akasema tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akamwandikia yeye, na barua ile hairudishi, iwe na r au isiwe nayo. Mzee Godlisten akavua koti.

Lakini Clara alipomaliza kucheka alinijia, akanyoosha mambo. Akasema yeye nimemwachia aibu shuleni, kesho wataanza kusema ameachwa kabla hajachumbiwa. Hataki pole wala zawadi. Anataka niandike barua nyingine kwa S.L.P. ile ile, nieleze kosa lilivyotokea na nani kalifanya, na niweke jina langu kamili, ili waliopiga vigelegele waisome. Edgar akanikanyaga mguu. Mie nikasema sawa, nitaandika.

Nilikaa nayo siku tatu. Niliandika kwamba mimi Felicitas, fundi cherehani wa Manzese, niliyejifunza herufi nikiwa na miaka hamsini na tisa, nimekosea moja, na Mwalimu Clara hana kosa lolote katika jambo hili. Wameibandika kwenye ubao wa matangazo, Clara amenitumia picha. Pembeni yake mwalimu mkuu ameongeza kwa wino mwekundu kwamba imeandikwa bila kosa hata moja. Nimeitazama picha hiyo mara ngapi sijui, nimemwonyesha hata muuza mkaa.

Soketi zimepona. Edgar amekwenda kuzikagua mara tatu, ingawa mie naona mara moja ilitosha. Ikitokea siku kuna posa ya kweli, itaandikwa na wewe, mzee wake, nami nitaisoma kabla haijatiwa kwenye bahasha.

Kaka, barua hii ni ya arobaini na mbili, na ndiyo niliyoiogopa kuliko zote. Nimeichana mara nne. Wageni niliweza kuwaandikia nikikosea, wewe nilitaka nikufikie nikiwa nimeshajua. Nisamehe kwa kukuficha miaka yote hiyo. Msamaha wa posa siombi, maana sikuposa.

Msalimie sana wifi Demetria, mwambie kitenge chake nimekipindia pindo na nitamtumia na mtu. Wasalimie majirani wa kule juu na wote wanaoniulizia. Edgar anakusalimu na anakuogopa. Nawatakia afya na baraka za Mungu.

Ukishaisoma usinipigie simu. Niandikie, nataka nikusome mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, kwa mkono wangu,
Felicitas.