Sheria ya Kilimo Imepita, Papa Neema

Mpenzi Papa Neema,

Sheria ile imepita. Imeshapita kitambo, nami nimekaa na habari hiyo peke yangu kwa sababu sikujua nikuanzie wapi. Mama Dlamini, mwalimu mkuu, ndiye aliyeniambia, siku nilipokwenda kumchukua mtoto shuleni. Alinivuta kando ya geti la shule yake, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa pole: wabunge wa jimbo wamepiga kura, na sasa kila shule ya msingi itafundisha kilimo. Nilimshukuru. Nikamshika Neema mkono tukaenda kupanga foleni ya taxi ya kurudi kwetu Albert Park.

Ungekuwepo ungeniuliza kwa nini sikufurahi. Ngoja nikueleze polepole, kama ulivyopenda mambo yaelezwe.

Nakukumbuka ulivyokuwa Walungu, kwetu Kivu, kabla vita havijatutoa Kongo. Ulikuwa mwalimu wa kilimo katika shule ya msingi, na watoto walikuogopa kidogo na kukupenda sana. Tulipofika Durban ulipeleka diploma yako huku na huku. Wakaitazama mbele na nyuma, wakakurudishia. Ukavaa kizibao cha rangi ya machungwa, ukaenda kulinda magari ya watu kule ufukoni. Hukulalamika. Lakini sokoni ulikuwa unaokota kiazi, unakinusa, unaniambia kimetoka kwenye udongo wa aina gani. Wauzaji walidhani hutaki kununua. Neema alikuwa anakuvuta shati kwa aibu, nami nilikuwa nacheka.

Shule za mjini zilituambia zimejaa, ndiyo maana tukampeleka Cato Manor, nje kidogo ya mji. Siku ya kumwandikisha, mimi nilikuwa natazama madarasa kama yana vioo. Wewe ulikuwa umeshazunguka nyuma. Ulirudi na vumbi kwenye viatu, ukamuuliza Mama Dlamini kwa Kiingereza chako cha kutafuta maneno:

“Madam, ile sehemu ya nyuma iko ya nani?”

“Ya takataka tu,” alisema.

“Basi unipatie hizo takataka.”

Alicheka. “Eish, baba. Sina cha kukulipa.”

“Sijaomba kulipwa. Naomba watoto, saa moja asubuhi, kabla ya kengele.”

Ukaanza na matofali yaliyovunjika na vipande vya chupa. Ulikuwa unatoka nyumbani mapema, unafundisha, halafu unateremka ufukoni kabla magari hayajajaa. Nilikuja kukuona siku moja nisiyokuwa na wateja saluni. Nilidhani nitawakuta watoto wameinama wanalima. Nikawakuta wamechuchumaa na rula zao, wanapima tuta, wanagawanya urefu kwa idadi ya miche, na wewe unawaambia: “Nani anipe jibu, lakini asinipe jibu tu, anipe na sababu.” Walikufundisha majina ya udongo kwa Kizulu, ukawafundisha ya kwetu. Spinachi zilipokomaa, Neema alibeba fungu lake mbele ya wenzake wote akasema, “My father is a teacher.” Ulijifanya hukusikia. Mimi nilikuona ulivyogeuka ukutani.

Ndipo akaja yule mbunge wa jimbo, mama mwenye kofia pana. Alikula spinachi na pap, ugali wa huku, akiwa amesimama hapohapo katikati ya matuta, akauliza maswali mengi kuliko tulivyotegemea. Alisema wanaandaa muswada: kila shule ya msingi ipewe kipande cha ardhi, somo la kilimo, na mwalimu wake wa kulipwa. Ndani ya taxi, tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani karibu kabisa na kwetu, ulinigeukia.

“Mama Neema,” ulisema, “watahitaji walimu.”

Jioni hiyo ulipiga pasi shati lako la kufundishia, lile ambalo hukuwa umelivaa tangu Kivu, ukalitundika mahali ambapo ungeliona ukiamka.

Ulilivaa Jumamosi ile ya mkutano wa wazazi, ukumbini Cato Manor, wabunge walipokuja kusikiliza maoni. Nilikaa nyuma yako. Nilidhani watu watapinga kwa sababu ya gharama. Kumbe aliyesimama kwanza alikuwa Mzee Mkhize, anayemleta mjukuu wake shuleni kila siku kwa miguu. Hakupaza sauti.

“Nilipokuwa mtoto,” alisema, “shuleni kwetu kulikuwa na bustani. Aliyechelewa alipelekwa kwenye bustani. Aliyekosa hesabu, bustani. Mboga alikula mkubwa wa shule. Walituambia jembe ndilo kalamu yetu, kwamba mtoto mweusi asihangaike na mengine. Leo tumepata serikali yetu, na sheria mnayotuletea ni ya jembe? Mjukuu wangu ajifunze kompyuta.”

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Na kweli, Papa Neema, hata mimi nilitaka kupiga. Kisha mtu akasema kwa nguvu, “Na huyu kwerekwere ndiye atufundishie watoto kuchimba?” Watu wakalichekea tusi hilo wanalotuitia sisi wageni. Niliona shingo yako ikikakamaa, nikajua utasimama.

Ulisimama. Hukumjibu aliyekutukana. Ulimgeukia mzee.

“Baba, walichokufanyia kilikuwa adhabu. Mimi nafundisha somo. Mtoto anapima, anaandika, anauliza. Siku wakiondoa daftari na maswali wakabakiza jembe peke yake, mimi nitakataa pamoja na wewe.”

Mzee Mkhize alikuitikia. “Wewe nakuamini,” alisema. “Wasiwasi wangu ni watakaokuja baada yako.”

Nje alikushika mkono kwa mikono yake miwili. Ulirudi nyumbani una furaha kuliko kama wangekupigia makofi. Uliniambia huyo ndiye mtu pekee ukumbini aliyeuelewa muswada.

Halafu muswada ukalala. Kila tulipouliza tuliambiwa uko kwa kamati. Watoto nao waliongezeka shuleni, madarasa mengine yakawa yanasoma kwa zamu, na idara ya elimu ikaleta matofali ya kujenga vyumba vipya. Hapakuwa na mahali pengine isipokuwa pale nyuma. Mama Dlamini alikuita ofisini, akashindwa kusema. Wewe ndiye uliyemsaidia.

“Madam, wajenge tu. Mtoto hawezi kusoma akiwa amesimama.”

Mliving’oa viazi vitamu vikiwa bado vyembamba kama vidole. Uliwagawia watoto, ukawaambia wakavichemshe hivyohivyo. Jioni ulikaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyenye udongo, nami sikukuambia uvivue.

Baridi ya mwaka huo ndiyo iliyokuja na kikohozi chako. Upepo wa ufukoni, tulisema. Tukasema hivyo mpaka hukuweza kupanda ngazi za jengo letu bila kupumzika kila ghorofa. Hospitali ilikuwa imejaa na wauguzi walikuwa wamechoka, lakini walikutunza. Siku moja uliniuliza, “Sheria iko wapi?” Nikakuambia inakuja. Ukanishika kidole.

“Wakiipitisha, uangalie kama wameweka mwalimu. Mengine yote hayana maana.”

Baada ya siku hiyo hukuongea tena maneno marefu. Tulikuzika na watu wa kanisa letu, katika ardhi ambayo hukupanda kitu. Wimbo ulianza kwa Kifaransa ukaishia kwa Kiswahili. Mama Dlamini alikuja na gari lililojaa watoto wa shule.

Niliangalia, kama ulivyoniagiza. Mama Dlamini alinisomea karatasi ya sheria neno kwa neno, akinieleza kwa Kiingereza rahisi. Somo lipo. Ardhi wameandika itatolewa pale inapowezekana. Mwalimu hayumo. Kazi hiyo apewe yeyote mwenye nafasi katika ratiba. Nilimwomba arudie hapo. Akarudia.

Mwenye nafasi ni kijana mmoja anayefundisha hesabu. Si mtu mbaya. Hajapewa kitabu wala mbegu, na uwanja wenyewe umebaki mchanga wa kuchezea mpira. Wiki za mwanzo alichora mimea ubaoni, watoto wakanakili. Kisha michoro ikamwishia. Akawatoa nje wakate nyasi kando ya uzio, ili angalau ionekane kazi imefanyika. Sasa Ijumaa saa ya mwisho, aliyechelewa anakata, aliyepiga kelele anakata, asiyefanya hesabu anakata zaidi. Kwenye ratiba imeandikwa Kilimo.

Nilikutana na Mzee Mkhize getini, anamsubiri mjukuu. Nilitaka kupita haraka, niliogopa atasema kwamba alituonya. Akavua kofia.

“Mwanangu,” alisema, “nilitamani mume wako ndiye awe sahihi, siyo mimi.”

Tukasimama pamoja pale. Watoto walikuwa wanatoka na nyasi kwenye soksi.

Mama Dlamini anastaafu mwisho wa mwaka. Ameandika barua kwa wakubwa, akajibiwa kwamba shule yake inatekeleza sheria vizuri. Yule mama mwenye kofia hayupo tena bungeni. Mimi nasuka nywele, narudi, napika. Wanaume wa kwetu pale chini ya jengo waliniuliza kama ni kweli sheria ya mume wangu imepita. Nikasema ndiyo. Wakanipongeza, na nikapokea pongezi, kwa sababu ningewaeleza nini?

Neema amekuwa mrefu. Nikimwongelesha Kiswahili ananijibu kwa Kizulu, na akikasirika, kwa Kiingereza. Ijumaa iliyopita alirudi na malengelenge kwenye viganja. Nilimpaka mafuta, nikamwambia baba yake aliipenda sana kazi ya udongo. Hakuninyang’anya mikono, ila alitazama pembeni.

“Mama, usiwaambie watu shuleni Papa alikuwa anafundisha hiyo kitu,” alisema. “Please. Hiyo iko ya watoto wabaya.”

Nilijaribu kumweleza. Nilimkumbusha rula, matuta, maswali yako. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri. Nilipomaliza akaniuliza kama ninaweza kumwandikia mwalimu karatasi, niseme ana kifua, asiende tena kwenye Kilimo.

Nimeandika leo asubuhi, Papa Neema. Niliandika jina lake lote na lako ndani yake, nikatia sahihi, nikasema mtoto ana kifua kama marehemu baba yake, na ninaomba asamehewe somo hilo mwaka mzima. Aliisoma, akaikunja, akanibusu shavuni. Alikuwa hajanibusu tangu tulipokuzika.

Lala, mume wangu. Huku sina mwingine wa kumwambia haya.

Ni mimi mke wako,
Mama Neema