Mkanda wa Kimono ya Faida

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya joto ya Durban inayofanya nguo zikatae kukauka ndani ya nyumba. Sijala. Sina hamu.

Jumatano mdogo wangu Faida anapanda ndege kwenda Kanada, yeye na mumewe na binti yao Gloria. Hawaendi kutembea, wanaenda kuishi. Mimi nabaki. Walipoandikishwa kama wakimbizi wa kuhamishiwa huko, mimi nilikuwa bado Bukavu, kwetu Kongo. Nilipofika huku, faili lao lilikuwa limeshatangulia. Nimetafuta wa kumlaumu, sijampata.

Haya nayaandika leo, lakini nitayaweka hapa mtandaoni wakishafika salama. Utaelewa kwa nini.

Wiki yote nashona sare za shule kwenye kiwanda huko Pinetown, na wikendi nashona vya watu wangu. Mwezi uliopita nilimshonea Faida kimono, lile vazi la Kijapani lililo wazi mbele, ila langu ni la kitenge: kijani, na ndege wa manjano. Alitaka kusafiri nalo. Juzi akanipigia simu kutoka saluni anakosuka nywele, akasema kimono bila mkanda inamwachia tumbo wazi, nimtengenezee ule mkanda mpana wa Kijapani, obi. Nikamwambia ni kazi ndogo, mabaki ya kitenge bado ninayo.

Kweli ni kazi ndogo. Unaunga vipande mpaka viwe ukanda mmoja mrefu, unaweka kitambaa kigumu cha kola katikati ili usijikunje, unashona bitana upande wa nyuma, unapindua, unapiga pasi. Asubuhi nilifanya hayo yote bila kumpima. Kiuno cha Faida nakijua. Nimemshonea tangu akiwa msichana.

Alikuja mchana, peke yake, amelowa. Akavaa kimono, nikapiga magoti nyuma yake nikamzungushia mkanda.

Ncha hazikukutana.

Nikadhani nimekata vibaya. Nikavuta kidogo, yeye akarudi nyuma haraka na kushika tumbo, kama mtu anayezuia mlango. Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Tumbo lilikuwa gumu, la mviringo. Halafu kitu ndani kikanigonga kiganja.

Nikauachia mkanda ukaanguka sakafuni.

"Iko na miezi mingapi?" nikamuuliza.

"Mitano imepita."

"Baba Gloria anajua?"

"Anajua."

"Na mimi, Faida?"

Akakaa kitandani na kimono yake. "Yaya, dada yangu, wale wa ofisi ya kutusafirisha wakijua watatusimamisha. Watasema nizae kwanza, halafu mtoto naye aanze vipimo na karatasi. Umeona watu waliongoja hivyo. Wengine wako hapa mpaka leo."

"Hiyo naijua. Nakuuliza kwa nini hukuniambia mimi."

Aliangalia mikono yake. "Niliogopa utaniomba nibaki."

Ningependa kuandika kwamba nilikasirika, kwamba alinionea. Lakini alisema kweli. Jumapili zote hizi kanisani wanapowaombea safari njema, mimi nafunga macho na kusogeza midomo kama wengine, na ndani yangu naomba Mungu aifunge njia. Naomba ndege ikose nafasi, muhuri ukosekane, chochote. Nani anamwombea hivyo ndugu yake wa tumbo moja?

Leo nikapewa njia ya kuifunga mwenyewe. Neno moja tu kwa wale wanaowasafirisha, basi, Faida angebaki. Angezaa hapa, na mimi ningempokea mtoto. Wakati yeye anafuta machozi kwa mkono wa kimono, mimi nilikuwa namwangalia na kuhesabu moyoni furaha hiyo ya wizi. Namba ya ofisi yao iko kwenye simu yangu. Simu ilikuwa juu ya cherehani.

Nilichukua mkasi.

Nikaufumua mkanda katikati. Mabaki ya kijani yalikuwa yamekwisha, basi nikaongeza vipande vya kitenge cheusi kilichobaki kwenye gauni langu la msiba wa mama. Sikuwa na kingine. Ncha zote mbili nikazitilia kamba ndefu, ufungwe juu, chini ya matiti, ili kimono ianguke bila kubana kutoka hapo na tumbo lisionekane. Faida alikaa akinitazama. Nilipomfunga na kumgeuza kwenye kioo, alikuwa mwanamke tu aliyevaa vizuri kwa safari. Ukimtazama hujui. Nimetazama kwa jicho la fundi, nikitafuta kosa, na sikuliona.

Hiyo ndiyo kazi ya mikono yangu leo. Nimemshonea anayeniacha kificho cha kumsaidia kuniacha.

"Jaribu kukaa," nikamwambia. "Safari ni ndefu." Akakaa, akainuka. Akasema haimbani. Nikamwonyesha jinsi ya kuulegeza bila kuufungua wote, maana mtoto ataendelea kukua, na kule hakuna fundi anayemjua.

Hapo ndipo nililia, na si kidogo. Alinishika kichwa kama yeye ndiye mkubwa. Akasema, "Yaya, tutakutafutia njia, na wewe utakuja." Sote wawili tunajua watu wangapi wameambiwa maneno hayo. Nilimpa mwavuli wangu akaondoka.

Chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Nimekaa na sindano sijui niifanyie nini. Jumatatu nitapanda taxi kwenda Pinetown, nitashona kola za watoto wa watu, na hakuna atakayeona kitu usoni mwangu. Jumatano nitaomba ruhusa nikawasindikize, na nitapaswa kutabasamu mbele ya Gloria.

Sijui kama nimefanya vema au nimejiua polepole. Sijapiga ile simu. Bado sijaifuta ile namba.

Mtoto huyo atazaliwa kwenye theluji, ataongea Kifaransa au Kiingereza. Je, iko siku atamwuliza mama yake kama ana mama mkubwa, na yuko wapi?

Kesho Jumapili. Nitajaribu kuomba sala tofauti, hata kama itatoka mdomoni tu.