Ayuma amemwita mamake shangazi

Triza, aki keti kwanza. Ayuma wetu wa Umoja, yule alishinda shindano la TV na sasa anatangaza redioni, amekuja leo na watu wa kamera. Wanatengeneza kipindi cha maisha yake.

Mamake alianza kushuku mapema. Kabla ya hao watu kufika, Ayuma alitoa picha zote za familia ukutani. "Zinang'aa kwa kamera, Mama." Zote? Hata ile ya ubatizo?

Kamera ikawashwa. Ayuma akamkumbatia, akasema, "Huyu ni shangazi. Ndiye alinilea mama alipofariki."

SHANGAZI! Manze, mimi niko hapo, nimekuja kumsaidia mamake kuandalia wageni, chupa ya chai mkononi.

Mamake akamgeukia polepole. Ayuma hakuweza kumtazama machoni. Inaonekana siku hizi hadithi ya yatima ndiyo inauza kipindi.

Mwenye kamera akauliza, "Na marehemu alikuwa mtu wa aina gani?"

Triza, nilijua sasa ni vita. Lakini yule mama akavuta leso yake, akasema:

"Alimpenda sana huyu mtoto. Hata angemwomba afe, angekufa."