Baba Alikunywa Mursik Asubuhi ya Upasuaji

Mama,

Leo Jumapili siendi kuchuma. Nimekaa mlangoni kwa chumba changu hapa kambini Kericho, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, mgongo unauma kama kawaida. Usijali, nakula vizuri. Nakuandikia kwa sababu limetokea jambo ambalo wewe ungelicheka kuliko mtu yeyote.

Kwanza nikwambie lile baya. Baada ya kukuzika, Kibet aling'oa michai yako ya nyuma ya nyumba akapanda nyasi ya ng'ombe. Nilimwambia mbele ya mke wake kwamba mimi sina ndugu. Miaka miwili hatukuongea. Nisamehe. Hukutulea hivyo.

Halafu Baba akaugua. Tezi dume ilifura, mkojo ukakataa kutoka, na yeye kwa aibu akanyamaza mpaka akaanguka zizini. Daktari wa hospitali kule Bomet alisema asipopasuliwa haraka, figo zitakufa. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Kibet alisimama upande ule wa kitanda, mimi upande huu. Tulimsalimia Baba, sisi wenyewe hatukusalimiana.

Sista alituonya: kuanzia jioni Mzee asile, asinywe kitu. Lakini asubuhi Baba alinishika mkono akasema, "Mursik si chakula." Unamjua. Nikammiminia kikombe kimoja cha maziwa hayo ya mgando kutoka kwa thamosi yangu. Sikujua Kibet alikuwa ameshapita alfajiri na mursik ya nyumbani kwenye kibuyu chako kile cha kusuguliwa mkaa ndani.

Walipokuja kumchukua, daktari akamtazama masharubu. Yamejaa mkaa wa kibuyu!

"Mzee, umekunywa nini?"

Baba hakuona haya. "Ya Kibet ilikuwa tamu. Ya Kiprono ni ya dukani, lakini nilimaliza nisimuudhi."

Upasuaji ukaahirishwa mpaka kesho yake. Daktari alitugombeza kama watoto wa nasari. Alisema mtu akipewa dawa ya usingizi na maziwa yako tumboni, yanaweza kupanda yakaingia mapafuni, afe hapo hapo. Kisha akatuonyesha benchi moja: "Kaeni hapo. Kila mmoja amchunge mwenzake."

Tukakaa, kila mmoja ukingoni mwake. Kibet akasema, bila kunitazama, "Na wewe unampaje Mzee mursik ya dukani?"

Nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Tulicheka mpaka machozi. Ndipo akaniambia kuhusu michai. Kila asubuhi akifungua mlango alikuwa anakutafuta katikati yake na kikapu mgongoni, na hupo. Hakuweza tena. Mimi nilidhani ni tamaa ya ng'ombe. Sasa machozi yakawa ya kweli, na sista akaja mbio akidhani Mzee amekufa.

Hakufa. Alipasuliwa siku iliyofuata, tumbo tupu, mimi na Kibet walinzi wawili mlangoni. Sasa yuko nyumbani, anakojoa vizuri na habari hiyo anamtangazia kila mgeni, hata mchungaji.

Leo asubuhi Kibet amenipigia kuniambia ng'ombe amezaa. Tumeongea mpaka salio lake likaisha, na sikumbuki kama tulisema neno la maana.

Pumzika, Mama. Nakuahidi kesho nitampigia mimi, hata kama sina la kusema.

Mwanao,
Kiprono