Saa Iliyowafuturisha Watu Jua Halijazama

Issa, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Machozi yangu yaliisha pale makaburini, nilipomsikia mzee Swedi, mwenye kushika funguo za msikiti wenu, akikusifu mbele ya watu: "Tumempoteza fundi mwaminifu." Mwaminifu! Na ni yeye aliyekurudishia saa yako ndani ya mfuko wa mchele, akaibwaga mlangoni kwako, Ramadhani haijaisha.

Ile saa ya kumpigia muadhini kengele tuliiunda Jumapili baada ya Jumapili katika kibanda chako cha kutengeneza redio, mtaani Buyenzi. Mimi nikitoka misa nakukuta umekwisha kuwasha fer, kile chuma cha kuchomea waya. "We mukristo shika waya, mi muislamu nachoma," ulikuwa unasema. "Tutaona nani ataungua." Chipu ya kutunza saa tuliagiza kwa yule mama muuza vitenge anayekwenda Dubai, akakuletea ameifunga ndani ya soksi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Na magharibi ile kengele ilipolia mara ya kwanza, muadhini akasimama kuadhini, ulitoka ukanikuta nje, ukanishika mkono.

Kisha ikaanza kukimbia. Ukiisawazisha kwa simu leo, baada ya siku chache iko mbele. Ulibadilisha betri. Ulibadilisha kristali, kile kidude kinachotetemeka ili chipu ihesabu. Mwisho ukang'oa chipu yenyewe, ukaweka nyingine. Kibandani ilikuwa sawa. Ikirudi msikitini, inakimbia tena.

Halafu ile jioni. Kengele ikalia, muadhini akaadhini, watu wakala tende, wakanywa maji. Ndipo adhana za misikiti mingine zikaanza kusikika. Jua lilikuwa bado. Swedi akasimama na tende mkononi, akakuonyesha kidole mbele ya mwanao: "Umetulisha muchana, Issa! Funga yetu nani atailipa?"

Kwa nini hukujibu? Nilikuambia twende wote tukapaangalie mahali ilipotundikwa, ukasema, "Apana, Reverien. Wacha. Watu wamekwisha sema." Hilo nalo linaniuma. Uliwaachia maneno yao yakae. Idi ikapita, homa ikakushika, ukaenda nayo.

Mwajuma wako ndiye aliyenipa kile kisanduku cha saa. "Beba, shemeji. Mi sitaki kukiona."

Nilikiwasha nyumbani. Juma zima hakikukosea. Nikasema labda joto, nikakiweka chini ya bati, mchana kutwa. Sawa tu. Nikasema labda umeme mbovu, nikakipeleka kazini, kule Zone Industrielle, penye viwanda, mashine zikiwaka na kuzimika. Sawa. Nilikasirika kama mtu anayedanganywa. Nilitaka kikosee, Issa. Kilipokataa kukosea kwangu, nikajua kosa limebaki kule.

Basi nikaenda kwa Kassimu muadhini, asubuhi, hakuna watu. Akanionyesha msumari ilipotundikwa saa. Pembeni yake, kwenye tundu lile lile la umeme ulipochomeka waya wako, kulikuwa na chaja ya simu, ya bei rahisi, waya wake umezungushwa mviringo.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mzee Swedi. Alikuwa anauweka waya wake mule ndani ya kisanduku cha saa, sababu ya vumbi."

"Na Issa akija kutengeneza?"

"Mzee anaitoa kwanza. Issa akienda, anarudisha."



Niliiomba ile chaja. Nyumbani nikaizungusha kama ilivyokuwa, karibu na kristali, nikachomeka. Kesho yake saa ilikuwa mbele. Nikaitoa, ikatulia. Nikairudisha, ikakimbia. Wewe nisingehitaji kukueleza: kelele ya umeme wa ile chaja ilikuwa inaingia kwenye kristali, na chipu ikahesabu mitetemo isiyokuwepo. Mikono yako haikukosea popote. Nilitamani kukupigia simu. Namba yako bado ninayo.

Nikamfuata Swedi dukani kwake, nikamwonyesha saa na chaja. Aliinama akaitazama chaja. Nilidhani atalia. Akasema, "Sasa Reverien, marehemu atafufuka? Tuache maneno. Tumuombee dua." Akamgeukia mteja.

Wewe huko hujui mambo ya hapa. Mwajuma anakaanga sambusa, majirani wanapita kama hawamwoni. Mwanao mkubwa shuleni wanamwita Magharibi. Haingii tena msikiti wenu. Anavuka mtaa mzima kwenda kuswali kwingine, peke yake.

Kwa hiyo Ijumaa iliyopita nilisimama nje ya mlango, mahali pa viatu, na meza ndogo. Saa huku, chaja huku, na saa ya pili ya kulinganisha. Nikamweleza kila aliyetoka. Wengi walinikwepa kama mtu anavyokwepa dimbwi. Wengine walisimama, mmoja akasema, "Ewe! Kumbe?" akaenda zake. Swedi alitokea mlango wa nyuma. Imamu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kweli, itatangazwa. Haijatangazwa.

Mwanao alikuwa ng'ambo ya barabara. Sikujua kama amekuja. Nilipokunja meza akavuka, akachukua chaja, akaigeuza geuza. Akauliza, "Baba alijua?"

Nikamwambia apana, hakujua.

Ndipo akalia, Issa. Mbele ya watu wale wale.

Mimi sijui kuomba dua zenu, na zangu nimezisema. Pumzika, ndugu yangu. Ninachokuahidi ni hiki: Ijumaa hii nitasimama pale, na ile inayofuata, mpaka waseme ukweli kwa kinywa chao, ndani ya msikiti, mwanao akiwa amekaa safu ya mbele. Sitawaachia maneno yao kama ulivyowaachia wewe.

Reverien