Ujumbe wa Ijumaa kwa Datius

Tabora, Ijumaa, 14 Machi 2025

Ndugu yangu Riyadhi,

Assalamu alaykum. Huu ni mwaka wa arobaini na sita tangu vita vinitoe Bukoba, na bado nikishika kalamu naanza kwa kuuliza kama mvua imeshuka Kaagya na migomba imesimama. Magoti yako yanaendeleaje? Farida hajambo? Huku mke wangu Sada anakusalimu sana, na bado ananisema kwa kutafuna akamwani hata kitandani, kama vile kahawa ya kwetu ni ya kuonea haya.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama. Nilipofika kwenye habari za Joviana, nikaketi.

Mwaka juzi mwanao Farida aliponieleza kwamba ameyahamishia madaftari yote ya duka kwenye programu ya simu, nilimuuliza nani atazikagua hesabu. Alicheka, akasema baba mkubwa astarehe, penseli yake imeshafikisha umri wa kustaafu. Na kweli alifanya jambo zuri. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba siku hizi nyavu zikipungua stoo unajua kabla mteja hajauliza, na kwamba wavuvi wa kisiwa cha Goziba wanakumbushwa madeni kila Ijumaa bila wewe kugombana na mtu. Hata mimi, kwa vifurushi vya kahawa unavyonitumia, naupata ujumbe: Ndugu Yunus, una salio, tunakusubiri dukani. Sada huuliza ni mwanamke gani huyo anayenisubiri kila Ijumaa.

Lakini unakumbuka baba yetu, Tata, alivyofanya mteja akifariki. Alibeba daftari lenyewe hadi matangani, akamwomba mjane alishike, akapiga mstari mwekundu juu ya jina mbele ya watu wote. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja tena dukani.

Na wewe ulitaka kufanya vilevile kwa Datius, mtumbwi wake ulipozama na mwili usipatikane. Ulikwenda msibani Ngenge na simu ya duka, ukatangaza kwamba umesamehe, ukabonyeza kulifuta jina. Kumbe pale hapakuwa na mtandao, na deni likabaki lilivyo. Ijumaa iliyofuata, simu ambayo Datius aliiacha nyumbani asije akailowanisha ikalia mkononi mwa mkewe, Joviana. Ndugu Datius, una salio, tunakusubiri dukani.

Umeniandikia kwamba Joviana alijibu: Waitu, ndugu zangu, kama mnaongea naye, mwambieni watoto wapo salama. Farida alipousoma, simu ilimtoka mkononi. Na sasa, unasema, Joviana amevua nguo za msiba. Boti ya Goziba ikifika, yupo mwaloni anakagua nyuso za wanaoshuka. Wakweze wakimwambia mumewe amekufa, anawaonyesha ule ujumbe na kuwauliza tangu lini maiti akasubiriwa dukani.

Naogopa, Riyadhi. Naogopa siku atakapopanda boti na wale watoto kwenda kumtafuta. Usimpigie simu, sauti ya duka itamzidishia matumaini. Nendeni wewe na Farida, mpande naye kilima mpaka mtandao ushike, mlifungue jina la Datius, na Joviana aishike simu mwenyewe wakati Farida analifuta. Atapiga kelele. Msiondoke.

Lipo pia ninaloogopa kwa ajili yangu, na Sada halijui. Mwezi uliopita daktari aliniambia kwamba moyo wangu umetanuka na dawa hazitaurudisha. Akanishauri nimalize mambo yangu mapema. Tangu nilipoisoma barua yako namwona Sada amekaa eda, Ijumaa asubuhi, na simu yangu inalia kando yake. Ndugu Yunus, tunakusubiri. Kwa hiyo leo nimekutumia salio lote la kahawa. Likifika, nifute. Nifute ningali hai, kisha uniandikie kwa mkono wako kwamba umetazama na jina halipo.

Umeniomba nije nikae chumba cha Tata, kwamba kipo tupu na paa ni jipya. Mungu akulipe. Lakini wanangu wawili wamelala katika udongo wa hapa, na Sada ni mtu wa hapa.

Nisalimie dada yetu Nuriat, mwambie senene zake zilifika zingali kavu. Msalimie Farida, na umwambie simlaumu.

Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Yunus