Suti ya Wiki Nane

Nyumba ya Fundi Saa, Chumba Na. 3,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu za heshima na za mapenzi. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miguu umeinyoosha, maana najua kazi ya kufua mashuka ya hospitali haimwachii mtu magoti yake. Je, lile goti la kushoto limepungua uvimbe? Na baridi ya huko imeshaingia ndani, au bado inabisha hodi tu? Mimi mwanao ni mzima wa mwili. Kuhusu hali yangu nyingine sitasema mengi hapa mwanzo, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Nimehamia chumba kipya tangu mwezi wa nane. Mwenye nyumba ni fundi saa, na ukutani kwake zimetundikwa saa kumi na saba, wala hakuna mbili zinazokubaliana. Alfajiri mimi huamshwa mara nne kabla ya wakati wangu kufika. Hata hivyo ni mtu mwema, na kodi yake si ya kumvua mtu nguo.

Nakushukuru kwa barua yako ya mwezi uliopita. Ndani yake uliniagiza nizungumze na binti yako, mdogo wangu, ambaye pale nyumbani kwa mama, anakolelewa, tumemzoea kwa jina la Wakili, kwa sababu haijatoka hukumu ya mama ambayo hakuikatia rufaa. Uliniarifu kwamba amepata nafasi chuoni, mkopo wake umekubaliwa, na sasa anakusudia fedha za vitabu na za mafunzo kwa vitendo azinunulie mitumba, aiuze bwenini. Ukaandika: "Mwambie wewe, uliyeutumia wa kwako ipasavyo. Wewe ndiye ninayekuonyesha kwa watu." Shangazi, sentensi hiyo ya mwisho nimeisoma hadi karatasi imechakaa kwenye mkunjo.

Nilimpigia simu jioni ileile. Nilizungumza kwa utaratibu: mkopo ni dhamana, kila fungu lina kazi yake, na waliokudhamini wameweka majina yao rehani. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema kwa upole, "Kaka, umesema vizuri mno. Ila naomba kuuliza, ile suti yako ya kijivu ilisomea kozi gani?"

Naye akaendelea: "Pesa ya kwako uliila, na leo unavaa koti jeupe la maabara. Mimi kosa langu ni lipi?"

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Sasa naomba nikueleze, kwa sababu wewe ndiye uliyetia sahihi ya udhamini, na una haki ya kujua kabla ya mtu mwingine yeyote katika ukoo.

Nilipokuwa mwaka wa tatu, katika mkopo wangu kulikuwamo fungu la mafunzo kwa vitendo. Zilikuwa fedha za nauli, za chumba na za chakula, ili nikae wiki nane kwenye mtambo wa kusafisha maji ulio mbali na chuo, nijifunze kazi kwa mikono. Fedha ziliingia Alhamisi. Ijumaa nilikuwa kwa fundi cherehani, napimwa mabega.

Sikusukumwa na njaa, Shangazi, wala na ugonjwa wa mtu. Wiki chache kabla ya hapo alikuja chuoni meneja mmoja kutuhutubia kuhusu ajira, naye alivaa koti lililomkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Sisi tuliomsikiliza tulikuwa na shati moja la kuazimana. Nikaamini kwamba kazi hupewa wale ambao tayari wanaonekana kuwa nayo. Nikashona suti, nikanunua viatu vya ngozi na simu ya kioo kikubwa. Kilichosalia ndicho nilichomnunulia mama jiko la gesi.

Jiko hilo unalikumbuka. Ulipiga simu ukalia, ukasema mimi ni mtoto asiyesahau alikotoka. Ukweli ni kwamba jiko lilikuwa sehemu ndogo ya fedha ile, nami nililinunua mwisho kabisa, ili siku nikiulizwa niwe na kitu cha kuonyesha. Kila sufuria iliyowahi kuinjikwa juu yake imenitetea bila kujua.

Wiki nane hizo nililala kwa rafiki yangu, nikinakili ripoti ya kaka mmoja aliyetutangulia darasa, ambaye kweli alikwenda mtamboni. Nilibadilisha jina, nikabadilisha tarehe. Sahihi ya msimamizi ilipatikana kwa kuwa huyo kaka alikuwa na mjomba wake pale, naye alisaini bila kuinua macho. Nilipewa alama ya juu kabisa. Ripoti hiyohiyo nikaikariri kwa ajili ya usaili, nikaingia nayo kichwani na suti mwilini, na jopo likaridhika. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa katika maabara hii ya maji, kwa miezi sita ya majaribio inayoisha mwishoni mwa mwezi huu.

Nisingependa uichoke barua, ila bila kukueleza kazi yenyewe hutaona uzito wa jambo. Maji ya mto huja na tope. Tunatia shabu ili tope ligandamane na kuzama, na maji yaliyo juu yaende kwenye chujio kisha kwa watu. Kiasi cha shabu hakimo kitabuni. Kila asubuhi unajaza bilauri sita maji ya siku hiyo, kila moja unaitia kiasi chake, unakoroga, unasubiri, unatazama ipi imetulia vizuri. Hiyo ndiyo kazi ya wiki nane. Ni kazi ya macho na subira, na huingia mkononi kwa kurudiwa.

Tangu nilipofika, mto ulikuwa mwembamba na maji karibu safi. Bilauri alizishughulikia fundi mkongwe wa zamu, tunayemwita Mzee Koki, nami nikiandika tarakimu zake kwa mwandiko mzuri. Siku ya kwanza alinizunguka mara moja, akaitazama kola yangu, akasema, "Koti limepigwa pasi likapigika. Haya, Bwana Nadharia, tulipeleke likaonane na maji." Jina hilo likanata. Hata mfagiaji huniita hivyo, nami nilikuwa nikicheka pamoja nao.

Jumanne iliyopita mvua ilishuka usiku kucha, na asubuhi mto ulikuja mzito kama uji. Mzee Koki alikuwa kule maji yanakoingilia, akiondoa matawi kwenye wavu. Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja makini ambaye akiwa mbali tunamwita Mama Kipimo, alinipigia simu akiwa njiani, akaniagiza nipime zile sita na kumpa kiasi mtu wa pampu.

Nilisimama mbele ya kabati. Najua jina la kila kifaa kilichomo, na jina la aliyekibuni. Sikujua nikoroge kwa kasi gani, nisubiri dakika ngapi, wala nilikuwa nasubiri kuona nini. Ningeweza kumwita Mzee Koki kwa simu ya upepo. Alikuwa mwendo wa dakika tano. Niliona haya. Nikafungua kitabu cha zamu nikaandika tarakimu sita, nami nilishangaa jinsi zilivyokuja bila kigugumizi. Nikampa mtu wa pampu kiasi.

Kabla ya adhuhuri matangi ya kutulizia yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mzee Koki alirudi, akachota kwa kiganja, akatazama, akamwaga. Hakunifokea. Alikwenda kufunga vali kubwa ya kwenda mjini, akaizungusha peke yake kwa mikono miwili, nami nikiwa nimesimama palepale na kalamu yangu. Nusu ya mji ilikaa bila maji hadi magharibi. Hospitali ilitumia tangi lake la akiba. Niliyafikiria mashuka yako, Shangazi.

Alasiri Mama Kipimo aliniita. Juu ya meza yake kulikuwa na bilauri sita, kavu, zikiwa bado zimefunikwa kwa kitambaa cha jana yake. Kando yake kilikuwapo kitabu cha zamu, na kando ya kitabu, faili langu la ajira, limefunguliwa kwenye ripoti yangu, ukurasa wa kumi na tisa. Alivisogeza vikakaribiana ili nione mwenyewe. Tarakimu sita nilizoandika asubuhi ndizo zile zilizokuwa kwenye ripoti, kwa mpangilio uleule. Nilikuwa nimezikariri hata nikasahau kwamba nimezikariri.

Kisha akaweka kidole juu ya tarehe. "Hii ni miezi ya kiangazi," alisema. "Na hizi ni tarakimu za mto wenye mafuriko, tena si mto wetu. Aliyekwenda alikwenda wakati wa mvua. Si wewe."

Nilianza kueleza habari ya mkopo, ya hali ya nyumbani, ya jiko. Naam, hata pale nililileta jiko. Alininyamazisha kwa mkono.

"Pesa ilikwenda wapi, hayo yako na waliokukopesha. Mimi nauliza wiki nane zilikwenda wapi, kwa sababu leo ndizo nilizozihitaji."

Aliniambia kwamba mwishoni mwa mwezi ataandika anachokijua kuhusu mimi, lakini anataka kwanza asome nitakachoandika mimi mwenyewe, na kwamba anakingoja Jumatatu asubuhi. Jumatatu hiyo ni kesho.

Nimekaa na maneno yake siku tano. Nilizoea kujituliza kwamba fedha ya mkopo inarudishwa: nitakatwa mshahara mwezi hadi mwezi, siku moja deni litaisha, na hakuna aliyeumia. Ni kweli makato yangeanza mara tu ningethibitishwa kazini. Lakini hakuna makato ya kurudisha kile nilichopaswa kujifunza, na watu wa mji huu wasingenisubiri nikijifunze huku wakinywa.

Hapa ndipo jambo linapokugusa wewe, na naliandika mkono ukiwa mzito. Nisipothibitishwa sitakuwa na mshahara wa kukatwa, na bodi ya mikopo itamwandikia mdhamini. Bahasha ikikufikia, usishtuke, na usiilipe kwa siri kama ninavyokujua. Nitumie nakala. Nitatafuta kibarua chochote, hata cha kubeba mifuko ya shabu, na nitakuwa nalipa mwenyewe kidogokidogo. Magoti yako yasisimame saa za ziada kwa ajili ya mabega yangu.

Barua ya Mama Kipimo imekwisha. Ipo hapa mezani. Nimeandika kwamba sikwenda mtamboni, kwamba ripoti si yangu, na kwamba Jumanne sikupima. Nimeomba, kama ataona inafaa, nishushwe niwe msaidizi wa zamu chini ya Mzee Koki kwa wiki nane, kwa malipo yoyote au bila malipo, kisha nipimwe upya. Ikiwa hataona inafaa, nimeandika kwamba nitaondoka bila manung'uniko. Sijui atasema nini. Nilimwonyesha Mzee Koki jana. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, akanirudishia, akasema tu kwamba kwa mara ya kwanza ameona nadharia yenye tope. Sikujua kama alinitania au alinihurumia, na sikumuuliza.

Chuo nacho kitahitaji kuandikiwa, maana alama ile si halali. Hilo bado sijalifanya. Naogopa, Shangazi. Nakuambia wewe kwanza.

Kuhusu Wakili, sasa ninalo jibu la swali lake. Suti haikusomea kozi yoyote. Ndiyo iliyonifukuza kwenye ile kozi moja niliyokuwa nayo, ya mtamboni. Nitampelekea nakala ya barua hii yote, bila kupunguza neno. Tafadhali usimgombeze kwa kunijibu vile. Ndiye mtu pekee katika ukoo aliyeniuliza swali la kweli. Kama anataka kuuza nguo, na auze, ana ulimi wa biashara. Lakini mtaji wake tuutafute kwingine, hata mimi nitachangia nikipata, ila fungu la mafunzo aende nalo mafunzoni. Na tangu leo, ukitaka kumwonyesha mtu mfano, usinionyeshe mimi. Au nionyeshe, lakini uwaeleze yote.

Mama bado hajui. Nitakwenda nyumbani Jumamosi nikamwambie ana kwa ana, jikoni, mbele ya jiko lenyewe. Naomba usinitangulie.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, na kile kichanga chao ambacho nasikia kimeota meno mawili. Wasalimie pia wale wenzako wa chumba cha kufulia uliowahi kuwasomea barua zangu. Kama watakuomba uwasomee na hii, wasomee. Mola akulinde na baridi, akupe usingizi usio na maumivu, na akuzidishie umri hadi nikufanyie jambo moja la kujivunia lisilo na kitu nyuma yake.

Suti inaning'inia nyuma ya mlango, imenyooka kuliko mimi. Kesho nitavaa ovaroli. Barua ya mkuu wangu niliimaliza kwa nusu saa. Hii yako imenichukua tangu asubuhi, na saa zote kumi na saba za mwenye nyumba, kila moja kwa wakati wake, zimeshagonga jioni.

Mwanao akupendaye na kukuomba radhi,
Bwana Nadharia.